Maji na fedha za wageni: barua kwa Mwanaidi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, na maneno yako makali pia. Wasema sisi wa Tanga tumewauzia wageni maji yetu kwa ile hatifungani ya 2024, yaani hati ya mkopo ambayo mamlaka yetu ya maji iliwauzia wawekezaji. Hatukuuza, ila hofu yako naielewa: nyie Bagamoyo mlikuwa ndani ya eneo la City Water, ile kampuni binafsi iliyoendesha maji ya Dar es Salaam na jirani zake.

Mambo haya ni ya kale kuliko mtambo wenu wa maji wa Ruvu Chini. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ilipewa kazi ya maji na majitaka ya Buenos Aires, Ajentina. Benki ya Barings ya London ikabeba dhamana ya kuuza hisa zake, wanunuzi wakakimbia, hisa zikaibakia mkononi, na 1890 benki yenyewe nusura ifilisike. Benki Kuu ya Uingereza ndiyo iliyoiokoa. Mwaka 1993 mji ule ule ukakabidhiwa wageni tena, wakiongozwa na Wafaransa. Hao walikopa kwa dola huku wateja wakilipa kwa peso! Mwaka 2002 peso ikaporomoka, serikali ikazuia bei isipande, na mvutano ukaendelea hadi mkataba ulipovunjwa 2006.

City Water ni kisa kingine. Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, pamoja na mshirika wa hapa nchini, walianza kazi Agosti 2003. Makusanyo waliyoyategemea yakawashinda, na Mei 2005 Lowassa, akiwa Waziri wa Maji, akatangaza kuwavunjia mkataba. Walishtaki. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa walisema Tanzania ilikosea namna ilivyowatoa, lakini hawakuiamuru ilipe fidia hata senti.

Sasa hii ya kwetu. Mamlaka ya maji ilikopa shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10, kupanua mitambo ya Mowe inayosafisha maji ya bwawa la Mabayani. Deni ni la shilingi, na bili ni za shilingi. Mgeni akinunua hatifungani hiyo anapata riba yake basi. Hashiki mita, hapangi bei, na bei yenyewe bado inapita EWURA, mdhibiti wa serikali wa huduma za maji na nishati.

Ungenigombeza kuhusu riba ningekaa kimya. Ni 13.5% kwa mwaka, na itatoka kwenye bili zetu, ya mwenye hoteli na ya mama wa kioski anayeuza maji kwa ndoo. Hapo hata mimi sijaridhika. Ukija Idi tutalizungumza, na umwambie shemeji aje pia, yeye hesabu anazijua.

Wako,
Zuhura