YAH: MALALAMIKO KUHUSU SARUJI ILIYOFUKIWA CHINI YA UKOKA

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo siyanukuu. Kati ya mita za mraba 60 za njia ya gari mlizotandaza hapa Bwiru, mawe yenye mianya ya kuoteshea nyasi za ukoka, ukoka ulio hai ni wa pembezoni tu. Wa katikati umekauka, na mawe ya njia ya tairi yanacheza.

Tatizo si kumwagilia, kama ofisi yenu ilivyonijibu kwenye simu. Ukichimbua mwanya kwa bisibisi unakuta udongo sentimita 2, halafu saruji. Mzizi haupiti hapo, na maji hayana pa kwenda. Siku ya kukabidhi kazi nilimwonyesha msimamizi wenu. Alicheka, akasema mbele ya mafundi na wapangaji wangu: "Mama, jiwe likishatulia, majani yatajitafutia yenyewe." Kisha akausukumia udongo kwa kiatu.

Tupige hesabu. Jiwe la 40 kwa 40, likizungukwa na mwanya wa sentimita 5, linaachia nyasi karibu asilimia 21 ya eneo, yaani mita za mraba 12 na ushee. Unene wa jiwe ni sentimita 8. Udongo hubaki sentimita 2 chini ya uso wa jiwe ili tairi lisiponde shina la ukoka, kwa hiyo kina ni 6. Hapo zinatakiwa toroli kama 12. Zilikuja 4, tena za mfinyanzi uliochimbwa papo hapo, si udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Palipopungua udongo mkajazia saruji.

Na saruji hiyo imeficha makosa ya chini. Njia ya gari inataka kokoto sentimita 20, zishindiliwe kwa matabaka mawili, juu yake mchanga sentimita 4, na kingo za zege za kushika mawe yasitanuke. Mashine ya kushindilia ilikuwa imeshaondoka kabla tabaka la pili halijamwagwa. Upande wa geti hakuna kingo. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, uliotakiwa kwenda bustanini, mmeuelekeza kwenye msingi wa nyumba! Huku kwetu mvua ikipiga majabali, maji hushuka yote kwa mkupuo. Ndiyo maana nilitaka mianya ya nyasi inayonywa maji, nikaacha pevingi za kubana, zisizoachiana mwanya, ambazo ni rahisi zaidi.

Narudi kwa msimamizi, kwa sababu ofisi yenu iliniambia "hakuwa na nia mbaya". Saruji ilikuwa wazi, bisibisi imesimama juu yake. Hakuinama kuitazama. Alimwambia kijana wa toroli, "Fukia hapo," ndipo akanigeukia na kicheko chake: majani yatajitafutia. Asiyejua huinama akaangalia. Yeye alijua kilichopo, na kijana alifukia bila kuuliza.

Nilikusudia kuomba mianya tu ikwanguliwe na kupandwa upya. Lakini patasi itamega kingo za mawe, na kokoto za chini zitabaki legelege vilevile. Kwa hiyo nataka mawe yote yang'olewe, kokoto zishindiliwe upya, mteremko ugeuzwe, na kingo zimwagwe. Vipande vya ukoka vipandwe kila baada ya sentimita 10 hadi 15, na kwa wiki 6 gari lisipite. Maji ya kumwagilia wiki hizo ni juu yenu, na jiwe litakalovunjika mtalilipa. Msimamizi yule asikanyage getini kwangu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitaki tena matengenezo, nataka fedha yote, na shauri nitalipeleka Tume ya Ushindani na mahakamani. Vipande vya saruji nimevihifadhi kwenye ndoo, na mizizi iliyojikunja juu yake bado imeshikilia.

Wenu,
Mteja, Bwiru, Mwanza