Mhariri, yule mwenye kofia ya manyoya hajulikani ni nani

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Ni kuhusu ile picha ya Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa zamani, mliyoitoa toleo la Jumapili, yule baba wa masharubu na likofia likubwa la manyoya. Chini yake mmeandika "kabaila wa Kipolandi, 1637" basi, yaani kama jambo limeshathibitishwa na kufungwa. Mchoraji sawa, mwaka sawa maana Rembrandt mwenyewe kauandika pale pamoja na jina lake. Lakini huo Upolandi na huo ukabaila vimetolewa kwenye nguo tu, hakuna karatasi yoyote ya wakati ule inayosema huyu bwana alikuwa nani.

Najua mtasema hata makumbusho inayoitunza, National Gallery of Art kule Washington, inaiita hivohivo. Kweli inaiita. Ila jina la picha ni kitu kimoja na jina la mtu ni kitu kingine, na msomaji akiona maelezo yenu anaamini kabisa kwamba kuna bwana mmoja mkubwa alitoka Polandi akaenda Amsterdam akakaa kwenye kiti akachorwa. Inawezekana, sikatai. Kuna mtaalamu alishasema ni Andrzej Rej, mjumbe wa mfalme Władysław IV wa Polandi, kwasababu alipita Uholanzi mwaka huohuo 1637. Lakini kupita mjini sio kuchorwa.

Na hii ya kumbandika jina haijaanza leo. Zamani ikiwa bado Urusi, kwenye makumbusho ya Hermitage, kuna waliokuwa wanasema ni Jan Sobieski, yule aliyekuja kuwa mfalme wa Polandi. Sasa piga hesabu, Sobieski kazaliwa 1629, mwaka 1637 alikuwa mtoto wa miaka 8! Na yule mwanaume kwenye picha ni mtu mzima, macho yamechoka, ngozi chini ya macho imelegea, paji limekunjamana, masharubu yameshuka mpaka pembeni ya mdomo. Watu waliona kofia wakakosa kuona uso, hilo ndo linaloniuma.

Mimi ninavoelewa, na wako wengi waliosoma haya mambo wanaosema hivo, Rembrandt alimchukua mtu akamvalisha. Alikuwa na tabia hiyo sana. Mwaka 1634 alimchora mkewe Saskia na maua kichwani kama mungu wa kike Flora, na hakuna anayeandika chini yake kwamba Saskia alikuwa mungu. Yeye mwenyewe kajichora na kofia za ajabuajabu na vyuma vya kivita wakati hajawahi kuwa askari. Alipofilisika mwaka 1656 mali zake ziliorodheshwa na humo mlikuwa na silaha na vitu vya kila aina alivyokuwa anakusanya. Waholanzi wa enzi zile walikuwa na neno lao kabisa la picha za namna hii, tronie, yaani unachora uso na hali ya mtu, sio lazima iwe sura ya fulani bin fulani aliyelipia. Hata ile nyingine yake ya 1632 iliyoko Metropolitan Museum, New York, mzee mwenye kilemba kikubwa cha Kimashariki, watu waliipa jina "Mslavi Mtukufu", yaani mtu wa jamii za Ulaya Mashariki kama Wapolandi na Warusi, kilemba jamani, akaitwa Mslavi!

Sasa ukishaacha kuuliza ni nani, ndo unaanza kuona. Angalia mwanga unavyopiga upande mmoja wa uso afu kofia inaangusha kivuli kwenye paji, ile hereni ya lulu inang'aa peke yake chini ya sikio, mkufu wa dhahabu juu ya yale manyoya ya mabegani, mkono umeshika fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Vitu vyote hivyo vinasema huyu ni mkubwa, ana amri. Alafu unafika kwenye macho unakuta mtu ana wasiwasi, mdomo umeachia kidogo kama anataka kusema kitu kikamshinda. Rembrandt alikuwa na miaka 31 tu alipochora hii, na mimi kila nikiiangalia narudi hapohapo kwenye macho.

Historia yake ya baadaye ndo yenye uhakika na hamkuigusa kabisa. Malkia Katarina wa Pili wa Urusi alikuwa nayo, afu miaka ya 1930 na 1931 serikali ya Kisovieti ikihitaji fedha za kigeni ikauza kwa siri michoro 21 ya Hermitage kwa tajiri Mmarekani Andrew Mellon, hii ikiwemo, na michoro ya wakubwa wengine kama Raphael na Van Eyck humohumo. Mellon akaitoa kwa taifa lake 1937, miaka 300 kamili tangu ichorwe.

Kwahiyo ombi langu, mkiirudia andikeni "Mwanaume mwenye mavazi yanayodhaniwa ya Kipolandi", na tafadhali itoeni kubwa na kwa rangi, maana kwenye ile ndogo yenu nyeusi na nyeupe kivuli cha kofia kimemeza jicho la kushoto lote.

Msomaji wenu wa siku nyingi