Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu: naomba ukumbi wa shule ya Jumapili ufunguliwe baada ya masomo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Bwana asifiwe. Nakuandikia kwa heshima, tena hadharani, kwa sababu barua tatu nilizoleta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, hazijajibiwa hata moja.

Jumanne iliyopita binti yangu wa miaka saba alitoka getini peke yake. Kengele ya mwisho ililia saa nane na nusu kama siku zote. Jirani anayenisaidia kumchukua alishikwa na homa ghafla, akanitumia ujumbe. Sikuuona. Kazi yangu ni kupokea simu za dharura za watu wanaohitaji gari la wagonjwa, na tukiwa zamu simu zetu wenyewe hufungiwa kabatini. Siruhusiwi kunyanyuka kwenye kile kiti mpaka anayenipokea awe ameketi. Basi wakati nawatuliza watoto na wazazi wa watu wengine, wangu alikuwa kwenye ngazi za shule, begi mapajani.

Alikaa pale zaidi ya saa nzima. Madarasa yalifungwa, walimu wakaondoka. Mlinzi simlaumu hata chembe. Ni mtu mmoja na mageti ni mawili. Alimuuliza mara mbili, akajibiwa mama yuko njiani. Akaenda kufunga geti la nyuma. Aliporudi alikuta chupa ya maji tu, na chini yake karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu: "Nimeenda kumchukua mdogo wangu anaogopa wakifunga."

Huyo mdogo ana miaka minne. Hushinda nyumbani kwa mama mmoja anayelea watoto, na mama huyo hufunga saa kumi kamili. Mwanafunzi wako wa darasa la pili alipiga hesabu zake: mama hajaja, jirani hajaja, saa kumi inakaribia. Akaamua kuwa mzazi ni yeye. Alikwisha kuvuka barabara kubwa pale mzazi mwingine alipoitambua sare ya shule, akasimamisha gari na kukaa naye. Karatasi ile ninayo. Neno "anaogopa" amelifuta na kuliandika tena hadi pametoboka.

Mheshimiwa, mdogo wake yuko kule kwa sababu shule haipokei mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kila asubuhi dada anaingia, yeye anabaki nje ameshika vyuma vya geti, na mimi nambandua kidole kimoja kimoja ili niwahi zamu.

Nakukumbusha ulichosema. Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa wazazi, ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba mwaka wa masomo unaofuata utaanza na darasa la chekechea kwa watoto wa miaka minne, na uangalizi wa wanafunzi baada ya masomo hadi saa kumi na mbili jioni. Imo kwenye kumbukumbu za mkutano. Tulipiga makofi. Tulijaza fomu, tukaeleza saa zetu za kazi na kiasi tunachoweza kuchangia. Mwaka huo ukaja ukapita. Ikaundwa kamati ndogo. Baadaye tukaambiwa kamati inaendelea na kazi yake, na tangu hapo ni kimya. Katika kipindi hichohicho maegesho ya magari yametandikwa matofali. Yalikuwa na matope, sikatai. Lakini yalikwisha kwa muhula mmoja.

Hatujaambiwa sababu, kwa hiyo nabaki kukisia. Labda ni fedha. Ila wengi wetu tuliandika kwenye fomu kwamba tuko tayari kulipia kila saa. Labda mnaogopa mtoto akiumia baada ya masomo lawama zitaiangukia shule. Hofu hiyo naielewa. Lakini mtoto wa kwenye ngazi hayuko kwenye daftari la mtu yeyote, na akipotea hakuna atakayejua alitoka saa ngapi. Panapokuwa na mlezi, orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, na saini ya kila anayemchukua, hatari inapungua.

Kuna sababu nyingine niliyoisikia kwa masikio yangu nje ya kanisa baada ya ibada: kwamba mahali pa mtoto wa miaka minne ni kwa mama yake. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mheshimiwa, mume wangu mlimzika ninyi. Mtoto huyu alikuwa na miezi mitano, nilikuwa nimembeba mgongoni. Wewe mwenyewe ulisema pale kaburini kwamba kanisa litakuwa baba wa watoto hawa. Nisipofanya kazi, nani atalipa hata ada ya dada yake?

Wala si jambo geni kwa Wakristo. Katika karne ya 18, mchungaji Johann Friedrich Oberlin wa Waldersbach, kwenye milima ya Vosges huko Ufaransa, aliona wazazi wakienda shambani na wadogo wakibaki bila mtu. Alianzisha mahali pa kuwalea na kuwafundisha, na Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani kwake kama msichana wa kazi, akaja kuitumikia kazi hiyo kwa miaka mingi ya maisha yake. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea yake Ujerumani mwaka 1837, alikuwa mtoto wa mchungaji. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unayataka mataifa yahakikishe watoto ambao wazazi wao wako kazini wananufaika na huduma za malezi. Sisi tuna kifungu cha zamani zaidi: Marko 10:14, "Waacheni watoto wadogo waje kwangu, msiwazuie," kimechorwa ukutani juu ya geti lenu, karibu na pale mwanangu anaposhika vyuma.

Ninachoomba si madawati. Mtoto wa miaka minne anahitaji kucheza, mchanga na maji, hadithi, mkeka wa kulala mchana, na mlezi aliyesomea kazi hiyo, anayejua kwamba mtoto anayeng'ata wenzake mara nyingi amekosa maneno ya kusema. Na saa za jioni zisigeuzwe masomo ya ziada, tafadhali. Wanakuwa wamechoka.

Kila Jumapili binti yangu husoma kwenye ukumbi wa shule ya Jumapili, hatua chache kutoka kwenye ngazi zile. Ukumbi huo una viti vifupi vya watoto, mazulia, choo na sinki la kimo chao. Jumatatu hadi Ijumaa ukumbi huo umefungwa kwa kufuli. Nimewahi kuchungulia dirishani: viti vimepangwa kwa duara, havina mtu.

Nilikusudia kudai mambo mengi: tarehe ya kuanza kwa chekechea, ripoti ya kamati, majibu ya barua zangu. Bado nayataka. Chekechea bado naitaka. Lakini kama yote hayo yanahitaji kikao kingine, basi leo nipe hili moja. Fungueni ukumbi ule baada ya kengele ya mwisho. Mtu mzima mmoja au wawili, daftari la majina, taa ziwake. Wazazi tutapokezana kusaidia. Mimi Jumamosi sina zamu, nitakuja kusafisha.

Jumatatu kengele italia tena saa nane na nusu, na mimi nitakuwa kwenye kiti changu hadi saa kumi na moja. Naomba mlango huo uwe wazi.

Wako katika Kristo,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la pili