Barua ya malalamiko: ada ya kivuko kwa mzigo usiopanda kivuko

Muuzaji na mnunuzi aliyesajiliwa,
Igoma,
Mwanza.

Novemba 2025

Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU ADA YA KIVUKO NA TOZO YA MIKOANI KATIKA MKOA WA MWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mjasiriamali wa Igoma, jijini Mwanza. Nauza dagaa waliokaushwa na kufungashwa kupitia programu yenu ya biashara ya mtandaoni, na humo humo nanunua vifungashio, lebo na vifaa vya kazi kutoka Dar es Salaam. Nikiuza nakatwa na ninyi, nikinunua nalipishwa na ninyi, kwa hiyo malalamiko haya yanatoka pande zote mbili za kaunta. Niliyafikisha kwanza kwa wahudumu wenu, kwa simu na kwa ujumbe ndani ya programu, na jibu nililopewa ni kwamba mfumo ndivyo ulivyopanga. Naandika kwako kwa sababu mfumo haukujipanga wenyewe. Kuna ofisa aliyeketi akaujaza, na naamini uko juu yake.

Nianze na manunuzi. Mwezi Septemba mwaka huu niliagiza mashine ya mkono ya kufungia vifungashio, iliyotangazwa kwa shilingi 85,000, na juu ya picha yake palikuwa na utepe mwekundu unaosema kwamba usafirishaji ni shilingi 9,000 Tanzania Bara nzima. Nilijaza jina, namba ya simu, mtaa na njia ya malipo, na baada ya yote hayo, nilipochagua mkoa, hesabu ikabadilika: zikaongezeka shilingi 14,500 za kile mnachokiita tozo ya mikoani, na shilingi 6,000 za ada ya kivuko. Mashine ya 85,000 ikawa ya 114,500. Nililipa kwa sababu nilikuwa na oda za kufungasha na mashine ya zamani ilikuwa imekufa, lakini kulipa kwa shida si kukubali.

Mzigo ulipofika, nilipigiwa simu niufuate kwa wakala wenu aliye karibu na stendi ya Nyegezi, upande wa pili wa jiji, wakati katika oda yangu nilikuwa nimechagua kuletewa mlangoni na nikalipia hivyo. Bodaboda ya kwenda na kurudi niliitoa mfukoni mwangu. Hilo nalitaja kwa kupita tu, ingawa lingetosha kuwa barua ya peke yake.

Kilichonifanya nikae chini niandike ni lebo iliyobandikwa ubavuni mwa boksi. Ina mihuri ya vituo ambako mzigo ulipokelewa, mmoja chini ya mwingine: Dar es Salaam, Dodoma, Shinyanga, kisha ghala lenu la Nyakato. Hakuna muhuri wa gati lolote, na haungeweza kuwapo, kwa sababu barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga inaingia Mwanza kwa nchi kavu, kupitia Misungwi, bila tairi kugusa maji. Ziwa Victoria liko mbele ya mji kwa mtu anayetokea huko, haliko kati ya mji na Dar es Salaam. Nililipia kivuko kwa mzigo ambao haukupanda kivuko, na ushahidi wa jambo hilo mliubandika wenyewe kwenye boksi.

Nilipomuuliza mhudumu wenu, alinieleza kwa upole kwamba mkoa wote wa Mwanza umewekwa katika kanda yenu ya nne, yenye jina la visiwa na maeneo magumu kufikika, kwa kuwa ndani ya mkoa huu kuna wilaya ya Ukerewe, ambayo ni ya visiwa. Namshukuru kwa kusema ukweli, maana hapo ndipo nilipoelewa kosa lilipo. Mkoa huu una wilaya saba, na aliyepanga kanda zenu ameziangalia zote kupitia moja. Mteja wangu wa Ngudu, kule Kwimba, anakoishi na kulima pamba mbali na fukwe za ziwa, analipia kivuko. Mtu wa Magu, aliye kando ya lami, analipia kivuko. Hata aliye Nyakato, mtaa lilipo ghala lenyewe, analipia kivuko ili mzigo utoke ghalani uvuke barabara umfikie.

Labda mtasema kwamba ada hiyo inawahusu zaidi walio magharibi ya Ghuba ya Mwanza, yaani Sengerema na Buchosa. Zamani hoja hiyo ingekuwa na uzito, kwa sababu gari la kwenda huko lilipanga foleni Kigongo likisubiri zamu ya kuvuka kwenda Busisi. Lakini Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita tatu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na tangu siku hiyo magari yanapita juu ya maji hayo kama yanavyopita Daraja la Tanzanite huko kwenu. Mimi niliagiza mashine yangu miezi kadhaa baadaye. Jedwali lenu la bei linasema juu kabisa kwamba lilihuishwa Agosti 2025, hivyo kisingizio cha kusahau nacho hakipo: mlilifungua, mkalihuisha, mkakiacha kivuko humo ndani.

Sisemi kwamba mteja wa Nansio au wa Ukara apelekewe mzigo kwa bei ya mteja wa Igoma. Maji yako pale kweli, na anayepeleka kifurushi Ukerewe hana budi kupanda chombo, ama kwa meli kutoka Mwanza, ama kwa kuzunguka Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwenda Rugezi. Gharama hiyo ina tiketi na ina risiti. Anayepaswa kuilipa ni yule ambaye mzigo wake unavuka, na kiasi chake kiwe kile kinacholipwa gatini, kikigawanywa kwa vifurushi vyote vilivyomo garini, kisiwe shilingi 6,000 kwa kila bahasha kana kwamba kila bahasha imekodi chombo chake. Na kwa kuwa tangazo lenu linasema Tanzania Bara nzima, ni vema mkumbuke kwamba visiwa vya ziwa hili navyo ni Tanzania Bara.

Nimesoma kwamba kosa la namna hii limewasumbua watu hata Uingereza. Wakazi wa Inverness, mji wa Uskoti ulio nchi kavu, wenye barabara kuu, reli na uwanja wa ndege, wamekuwa wakitozwa na baadhi ya wauzaji wa mtandaoni kama watu wa visiwani, kwa sababu herufi za mwanzo za msimbo wao wa posta ni zile zile za kisiwa cha Skye. Kwa hiyo ninyi si wa kwanza, lakini hilo halinirudishii fedha zangu.

Tozo ya mikoani nayo haina mantiki ninayoweza kuiona. Kama ni ya umbali, ningeielewa, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100 na mafuta hayagawiwi bure. Lakini ndugu yangu anayeishi Musoma aliagiza mashine ile ile, wiki ile ile, akalipa shilingi 9,000 za usafirishaji tu. Mzigo wake niliufuatilia kwenye simu yake: ulipokelewa Nyakato, ukalala Nyakato, ukapandishwa gari jingine kwenda Musoma. Ulipita mlangoni kwangu, ukaendelea na safari ya zaidi ya kilomita 200, na ukafika kwake kwa gharama ndogo kuliko ya kwangu. Musoma nayo iko ufukweni mwa ziwa hili hili. Tofauti pekee ninayoiona ni kwamba mtu wa ofisini kwenu aliweka alama kwenye mkoa mmoja na akauacha mwingine.

Wala Mwanza si mahali pa kuitwa pagumu kufikika. Treni imekuwa ikifika hapa tangu mwaka 1928, ndege zinatua kila siku, mabasi ya Dar es Salaam yanaingia usiku na mchana, na samaki wa ziwa hili wanafika Ulaya wakiwa wabichi. Ugumu wa kutufikia umeanzia kwenye jedwali lenu.

Sasa nije kwenye mauzo, ambako hasara yangu ni kubwa zaidi kwa kuwa inajirudia. Oktoba, mteja wa Dodoma aliagiza pakiti nane za nusu kilo za dagaa, kila pakiti shilingi 6,000, jumla shilingi 48,000. Boksi nililotumia lina urefu wa sentimita 40, upana 30 na kimo 30, na lilipowekwa kwenye mizani ya wakala wenu mbele yangu lilisoma kilo 4.3. Katika hesabu likaandikwa kilo 8. Nilielezwa kwamba mnatumia uzito wa ujazo, yaani vipimo vitatu vinazidishwa kisha vinagawanywa kwa 5,000, ambapo boksi langu linatoa kilo 7.2, nanyi mkapandisha hadi 8. Njia hiyo naifahamu, wasafirishaji wengi wanaitumia, na kwa mtu anayetuma mito au maboya ni ya haki kwa sababu anajaza gari bila uzito. Dagaa ni wepesi na wanachukua nafasi, hilo nalikubali. Ninalolalamikia ni kwamba kanuni hiyo haimo popote katika masharti niliyoyakubali nilipojisajili kuuza, na kikokotoo kilicho kwenye ukurasa wa muuzaji kinauliza kilo tu, hakiulizi sentimita. Nilipanga bei yangu kwa kilo 5, mteja akalipishwa kilo 8 kwa shilingi 1,500 kila kilo. Zile shilingi 4,500 zilizozidi alidhani ni mimi niliyezila.

Kisha ikaja tozo. Mteja alilipishwa shilingi 7,000 za tozo ya mikoani, kwa kuwa yuko Dodoma. Mimi nikakatwa shilingi 7,000 za tozo ya mikoani, kwa kuwa niko Mwanza. Mzigo ulikuwa mmoja, gari lilikuwa moja, safari ilikuwa moja. Baada ya kamisheni yenu ya asilimia 12, ambayo ni shilingi 5,760 na ambayo siilalamikii, nikabaki na shilingi 35,240 za kununulia dagaa sokoni Kirumba, kulipa vijana wanaochambua, kununua pakiti na kulipa umeme. Mteja naye, kwa bidhaa ya 48,000, alikuwa ametoa 67,000. Hajaagiza tena kupitia kwenu. Ananipigia simu moja kwa moja, nami namwandikia jina na namba yake ya simu kwa kalamu nene juu ya boksi na kulipeleka ofisi ya vifurushi ya basi, ambako bei inatajwa kabla sijafungua pochi. Nasema hili kwa masikitiko, maana nilijiunga nanyi ili niachane na kukimbizana na makondakta.

Lipo pia suala la risiti. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, niliyotumiwa kwa ile mashine inaonyesha shilingi 85,000 peke yake. Shilingi 29,500 nilizolipa juu yake, za usafirishaji, tozo na kivuko, hazimo katika risiti yoyote. Mimi natunza hesabu za biashara na nina haki ya kudai risiti ya kila senti ninayoitoa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo yatendeke. Nirudishiwe shilingi 6,000 za ada ya kivuko na shilingi 14,500 za tozo ya mikoani zilizotozwa katika oda ya Septemba, pamoja na shilingi 7,000 nilizokatwa katika mauzo ya Oktoba. Kama mnaona tozo ya mikoani ni halali, basi nipewe kwa maandishi msingi wa hesabu yake, na nielezwe kwa nini Musoma haimo. Mkoa wa Mwanza uondolewe katika kanda ya nne, ada ya kivuko ibaki kwa maeneo ambayo mzigo unavuka maji kweli, na bei kamili ionekane pale pale palipo na bei ya bidhaa mara mteja anapotaja wilaya yake, isisubiri ukurasa wa mwisho. Kikokotoo cha muuzaji nacho kiulize vipimo vya boksi, ili anayeuza vitu vyepesi ajue mapema anachoingia.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Yasipopatikana, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na utepe wa bei moja Tanzania Bara nzima sioni unaweza kuitwa nini kingine. Upande wa usafirishaji wa vifurushi nitauwasilisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), inayosimamia pia huduma za vifurushi, ofisi ya Kanda ya Ziwa, hapa hapa Mwanza. Nimeambatanisha picha ya lebo ya boksi, nakala ya hesabu za oda zote mbili, risiti ya EFD na picha ya mizani ikisoma kilo 4.3. Picha ya lebo naomba ofisa wenu anayepanga kanda aifungue mwenyewe, aisome kituo kwa kituo, kisha anionyeshe ni wapi mzigo huo ulipovuka ziwa.

Wako katika biashara,

Muuzaji wa dagaa, Igoma, Mwanza
(jina, sahihi na namba ya usajili vimo katika nakala iliyotumwa)