Kabla hujaenda kuchora mito

Mwanangu mpendwa,

Nimesikia mtapiga kambi karibu na korongo kavu. Usilale ndani yake. Mchanga wake ni laini, tena tambarare, lakini hapo ni njia ya maji. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yatakukuta usingizini, na juu yako hakuna hata wingu.

Kwa kuchora ramani huna mpinzani, najivunia hilo. Ila una haraka. Ukiona vijito vimeungana kama matawi ya mti, unaandika jina la mfumo wa mito na kufunga daftari. Uliza mwamba kwanza! Matawi ya namna hiyo hutokea pale mwamba unapofanana kote, maji yakafuata mteremko tu. Vijito vikipinda ghafla kwa pembe mraba, tafuta nyufa. Vikienda sambamba kisha vikaingia mto mkuu kwa pembe mraba, mara nyingi kuna matabaka magumu na laini yaliyokunjwa, kama kwenye milima ya Appalachia, Marekani. Kilimanjaro haina fumbo: mito inashuka pande zote.

Tazama pia makutano. Kwa kawaida ncha yake huelekea mto unakokwenda. Ikielekea kinyume, huenda mto uligeuzwa. Mto Katonga wa Uganda ulikuwa ukienda magharibi. Ardhi ya kando ya Bonde la Ufa ilipoinuka, sehemu ya mashariki ya mto huo ikageuka kuelekea Ziwa Victoria, na vijito vyake vingine bado vimeelekea magharibi.

Narudi kwenye hema. Kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zikivuka mto hufanya V, ncha ikielekea chanzoni. Zifuate, uchore mpaka wa bonde lote, yaani eneo lote linalomwaga maji mtoni, juu ya migongo ya vilima. Bonde likiwa la mviringo, ogopa zaidi, kwa sababu maji ya vijito vyake hufika makutanoni karibu kwa pamoja. Bonde refu jembamba huyaleta kwa zamu. Kisha tafuta takataka zilizonasa vichakani kando ya korongo. Maji yalifika hapo, kwa hiyo hema likae juu zaidi. Usiku usijaribu kuvuka. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Koti la mvua nimelifua. Zipu bado inakwama, ipake nta ya mshumaa. Dira ni ya mdogo wako, irudi nzima. Nawe ujibu simu, maana unajua kunyamaza! Nipigie mkishachagua pa kulala, kabla hamjafungua hema.

Mzazi wako