Risala ya Wanafunzi wa Zamani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Mwalimu Wetu wa Darasa la Kwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Kamati ya Shule, walimu wetu, familia ya marehemu, wazazi, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanafunzi wa zamani wa shule hii, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Tumeambiwa risala isizidi kurasa mbili. Mwalimu tunayemkumbuka leo angeunga mkono agizo hilo, maana alikuwa akitukatiza kila tulipoanza kuzunguka: "Sema ulichokiona, halafu kaa."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tulichokiona ni mwanamke aliyefundisha darasa la kwanza mpaka siku aliyostaafu. Mara mbili aliombwa apande madarasa ya juu, mara mbili akakataa. Alisema kwa utani wake kwamba kule juu watoto hufika wakiwa wameshapenda shule au wameshaichukia, na yeye alitaka kuwapata kabla hawajaamua.

Siku ya kwanza ya masomo alituita mezani mmoja mmoja. Alikuuliza unaitwa nani, akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akaliandika jina lako kwa kalamu ya wino mzito juu ya kipande cha boksi na kukukabidhi kwa mikono miwili. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuliona jina letu. Tulikuwa tukilisikia tu, mara nyingi likiitwa kwa ukali. Mmoja wetu, ambaye sasa ana wajukuu, amekuja leo na kipande chake mfukoni. Kona zimelika na wino umekuwa wa kahawia, lakini jina linasomeka.

Kusoma alitufundisha kwa sauti na silabi kama walimu wengine, ila alikuwa na vituko vyake. Katika neno ng'ombe, ile ritifaa, yaani kialama kinachofuata ng, aliiita pembe. Ukiisahau hakukuwekea alama ya kosa. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Huyu ng'ombe wako pembe yake iko wapi?" Ukacheka, ukamrudishia ng'ombe pembe yake, na hukusahau tena. Waliochanganya l na r aliwachorea ubaoni sahani na sanduku. Fimbo ikigusa sahani, darasa zima linasema kula. Ikigusa sanduku, kura. Wapo watu wazima hapa ambao hadi leo wakienda kupiga kura wanaikumbuka ile sahani. Hatuwataji.

Palikuwa na mtoto mashoto ambaye nyumbani alikuwa akichapwa mkono. Mwalimu hakumhubiria mtu yeyote. Alimhamishia mwisho wa dawati, upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, akalilaza daftari kuelekea kulia ili mkono usifute maneno ambayo wino wake haujakauka. Kisha akamwita mzazi, akamwonyesha ule mwandiko, akanyamaza. Mwenye mkono huo ndiye aliyeiandika risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hatutaki kumfanya malaika. Alikuwa mkali, na akikasirika sauti yake ilifika darasa la tatu. Siku moja boksi la chaki lilipotea, na yeye akamtuhumu mwenzetu mmoja mbele ya wote, kwa sababu tu alikuwa wa mwisho kutoka. Mtoto yule alilia mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kuita majina, mwalimu alisimama mbele yetu ameshika boksi lile. Alikuwa amelikuta ndani ya mkoba wake. Akapiga magoti mbele ya dawati la yule mtoto ili macho yao yalingane, akasema, "Nimekukosea, na nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo naomba radhi mbele yao." Tulikuwa na miaka saba. Hatukuwa tumejua kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mtoto radhi. Baadhi yetu mpaka sasa tunajifunza kufanya hivyo kwa watoto wetu, na si rahisi.

Ugonjwa wake ulikuwa mfupi, na familia imetuomba tusiuzungumzie. Lakini la siku ya mazishi tunalisema. Wanafunzi wake wa miaka mbalimbali tulipoitwa kwenda kutoa heshima za mwisho, tulijikuta tumepanga mstari kwa vimo, wafupi mbele, kama alivyotupanga kila asubuhi. Hakuna aliyetuamuru. Mzee mmoja mwenye mvi alitoka nyuma kimyakimya akaja kusimama wa pili, mahali pake pa zamani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Risala bila ombi haijawahi kusomwa, na sisi tunalo moja. Kila tarehe 5 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Walimu. Ilianza kuadhimishwa mwaka 1994, na tarehe hiyo inakumbusha Mapendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu yaliyopitishwa mwaka 1966 na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani. Humo imeandikwa kwamba idadi ya wanafunzi darasani iwe ile inayomwezesha mwalimu kumshughulikia kila mmoja wao. Mwalimu wetu hakuwahi kutuambia kama aliyasoma mapendekezo hayo. Lakini vipande vya boksi huandikwa kimoja kimoja, na mashoto hawezi kuonekana katika darasa ambalo mwalimu hawezi hata kupita katikati ya madawati.

Tunaomba basi darasa la kwanza lisiwe mahali pa kumpeleka mwalimu ambaye hamjui mumpeleke wapi. Apewe aliye bora, apewe nafasi ya kupita kati ya madawati, na akikataa kupandishwa asionekane amekosa tamaa ya maendeleo. Shule ikiwa na shilingi moja ya ziada, ianzie huko chini. Sisi tumechanga na kukarabati chumba cha kusomea, na vitabu vya kuanzia vimo. Kukijaza ni kazi tutakayoendelea nayo, hatukuletei wewe.

Chumba hicho hakina picha yake. Alichukia kupigwa picha, na moja tuliyoipata amefumba macho. Badala yake, kwenye ukuta unaotazamana na mlango tumepachika ubao mweusi wa kizamani, na chini yake tumeweka chaki. Jina lake tumeliandika juu kabisa. Nafasi iliyobaki ni ya wengine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujakata utepe, tunakuomba uingie, uchukue chaki, na uandike jina la mwalimu aliyekufundisha kusoma. Kama lina ng', usisahau pembe.

Naomba kuwasilisha.