Mbao za skeitibodi ukutani: lawama iende kwa anayekata picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Mwanza aliyelaani mtindo wa kupamba sebule kwa mbao za skeitibodi (ule ubao wa magurudumu ambao vijana husimama juu yake na kuteleza) zilizochapwa picha za zama za Renesansi, yaani kazi za wachoraji wa Ulaya wa karne ya 15 na 16. Aliandika kwamba kumweka Yesu na mitume wake kwenye kitu cha kukanyagwa ni dharau kwa dini na kwa sanaa, na kwamba wanunuzi ni watu wenye hela wasiojua wanachonunua. Hilo la pili sitabishana nalo sana. Hilo la kwanza nabishana nalo, kwa sababu ndilo linalonipa ugali.

Mimi ni seremala. Kazi nimejifunza Tanga kwa baba mdogo, na sasa ninaishi Gent, Ubelgiji, ambako huitwa majumbani kutundika picha, vioo na makabati. Mbao hizi nimezitundika sebuleni, vyumbani mwa vijana, ofisini kwa mwanasheria, na hata kwa daktari wa meno, ambaye aliuweka ubao mahali ambapo mgonjwa aliyelala kinywa wazi hana pengine pa kutazama.

Kwanza kitu chenyewe, kwa wasiowahi kukishika. Ubao wa skeitibodi ni plaiwudi, kwa kawaida tabaka saba nyembamba za mti wa mepo zilizopakwa gundi na kukandamizwa kwenye kalibu hadi zikapinda. Urefu ni kama sentimita 80, upana 20 hivi. Juu hubandikwa kitu kama msasa ili kiatu kisiteleze. Picha huchapwa chini, upande unaotazama barabara. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanza, anayeupanda hamkanyagi mtume usoni, anakanyaga msasa. Ni kweli kwamba akiteleza juu ya ukingo wa ngazi picha itachubuka yote, lakini hizi tunazozizungumzia zinatoka dukani kwenda ukutani bila kuonja lami.

Ukiutundika, tumbo lake hutokeza mbele na ncha zote mbili hurudi nyuma kuelekea ukutani, hivyo picha inapinda kidogo juu na chini na kutengeneza kivuli chake yenyewe taa ikiwaka. Mimi hilo linanipendeza. Kisichonipendeza ni matundu manane, manne kila upande, ya kufungia vyuma vya magurudumu. Viwanda vingine havitoboi mbao za mapambo. Vingine hutoboa bila kuangalia, ndipo unapokuta mtakatifu ana tundu kwenye paji la uso.

Sasa nirudi kwenye hoja ya dharau. Wachoraji wale walichora sana juu ya mbao. Mona Lisa ya Leonardo da Vinci haiko kwenye kitambaa, iko kwenye ubao wa mpopla wa sentimita 77 kwa 53. Italia walipenda mpopla, huku kwetu kaskazini walipenda mwaloni. Kabla mchoraji hajagusa brashi, seremala alikuwa ameshachagua mbao, ameziunga na kuzipiga randa, kisha zikapakwa tabaka za chokaa iliyochanganywa na gundi ya wanyama na kusuguliwa hadi zikawa laini. Anayesema ubao unaishusha hadhi picha ya zama zile anasahau kwamba picha ilizaliwa hapo. Na Mtanzania ndiye wa mwisho kusema hivyo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, na leo watalii wanafungasha kazi za wafuasi wake kwenye mabegi yao kwa heshima zote.

Kinachonikera mimi ni msumeno. Hapa Gent, kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Bavo, ipo picha ya altare, yaani ya kusimamishwa kwenye meza ya ibada, ya Mwanakondoo wa Mungu, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Ni paneli za mwaloni zilizoungwa kwa bawaba, na mabawa yake, yaani paneli za pembeni zinazofungwa kama milango, yamechorwa mbele na nyuma ili altare ikifungwa uone picha nyingine. Mwaka 1816 mabawa kadhaa yaliuzwa yakaishia Berlin. Huko, mwaka 1894, wakayachana kwa kupitia unene wa ubao ili umma uone pande zote mbili kwa mara moja. Kila nikipita pale humfikiria yule fundi: mwaloni wa zaidi ya miaka 450, rangi ya Van Eyck kushoto kwa msumeno na rangi ya Van Eyck kulia kwake. Mkono ukitetemeka mara moja tu, basi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilirudisha mabawa. Kisha usiku mmoja wa Aprili 1934 mwizi akabeba paneli, na kwa kuwa ilikuwa imeshachanwa, aliondoka na picha mbili: Yohana Mbatizaji na Waamuzi wa Haki. Yohana alirudishwa kama ushahidi kwamba mdai anavyo kweli, huku ikidaiwa faranga milioni moja kwa ajili ya wenzake. Hazikulipwa kama zilivyotakiwa, na Waamuzi hawajaonekana hadi leo. Ukitembelea kanisa, Waamuzi unaowaona pale ni nakala. Italia nako mambo hayakuwa tofauti. Altare aliyoichora Masaccio mwaka 1426 kwa ajili ya kanisa la Pisa ilivunjwa, na vipande vyake sasa viko London, Berlin, Napoli, Pisa na Los Angeles. Vijana wa skeitibodi hawakuwepo.

Kwa hiyo mteja akiniita, simuulizi kwa nini ameweka Renesansi kwenye ubao. Namuuliza picha imekatwa wapi. Wauzaji wengi huchukua picha yoyote maarufu, wakaigawa sehemu tatu zilizo sawa, wakamaliza. Mbao tatu zilizosimama zinakupa eneo la sentimita 60 kwa 80. Mona Lisa inaingia humo ikiwa karibu na ukubwa wake halisi, na uso wake unakaa wote kwenye ubao wa kati. Hapo sina neno. Lakini chukua Kuzaliwa kwa Venus ya Botticelli, iliyoko jumba la Uffizi mjini Firenze. Ile ina upana wa karibu mita 2.8 na kimo cha mita 1.7. Ukiilazimisha kwenye mbao tatu zilizosimama, ama upepo wanaoupuliza wale wawili wa kushoto unakatwa, ama yule mwanamke wa kulia anayeleta joho anabaki mkono tu. Afadhali ubao mmoja, Venus peke yake kwenye kombe lake, mrefu kama alivyo.

Wale malaika wawili wadogo wa Raphael, walioegemea viwiko na kutazama juu kama watoto waliochoka na hotuba, ni sehemu ya chini kabisa ya picha kubwa ya Bikira Maria iliyoko Dresden. Wao wanataka ubao mmoja uliolazwa. Nikiwaona wamesimamishwa kila mmoja kwenye ubao wake, na mabawa yamenyofolewa, huwa namshauri mteja arudishe.

Uumbaji wa Adamu, ule wa Michelangelo kwenye dari ya kanisa dogo la Sistine huko Vatikani, ndiyo kazi ninayoipenda zaidi kuitundika. Hiyo ilichorwa kwenye lipu mbichi, si kwenye ubao, lakini inavumilia. Laza mbao mbili kwa mstari mmoja, mkono wa Adamu huku, mkono wa Mungu kule, halafu vidole viishie ncha kwa ncha bila kugusana. Ukuta wenyewe unakuwa ile nafasi iliyobaki kati yao. Mteja mmoja alitaka nizigusishe kabisa ili zisionekane zimepungua. Tulibishana hadi mkewe akatoka jikoni akaamua.

Sasa Karamu ya Mwisho, iliyomchoma moyo msomaji wa Mwanza. Hapa tunakubaliana, ila kwa sababu tofauti. Picha ya Leonardo kwenye ukuta wa bwalo la watawa Milano ina sentimita 460 kwa 880. Seti ya mbao tano zilizosimama inakupa upana wa 100 na kimo cha 80. Ukijaza kimo chote, picha inahitaji upana wa 153. Ile 53 iliyozidi inakatwa pembeni, na pembeni ndiko wanakokaa watu: Bartolomayo anatolewa mezani upande mmoja, Simoni upande wa pili, pamoja na majirani zao. Jamaa hawa wamekaa pale tangu mwaka 1498, wamepona bomu lililoangusha bwalo Agosti 1943, halafu wanafukuzwa na duka la mapambo. Ukilaza mbao nane, mbili kwa mstari, mistari minne, karamu yote inaingia, lakini mpasuko wa katikati unampitia Yesu usoni. Zinazofaa ni saba zilizosimama: yeye anakaa kwenye ubao wa nne, na kinachopotea ni ukanda mwembamba tu kila upande. Niliwahi kumpigia mteja hesabu hiyo, akakubali kila kitu isipokuwa bei.

Tena tusiwaonee wenye maduka peke yao. Mwaka 1652 ilitobolewa njia ya mlango palepale chini ya meza, ikaondoka na miguu ya Yesu. Ilikuwa nyumba ya watawa, si klabu ya skeitibodi.

Anayetaka altare ya kweli kwenye mbao hizi, namshauri aangalie Adamu na Hawa wa hapa Gent. Kila mmoja ana paneli yake, kimo cha mita mbili na upana wa sentimita 33 tu hivi, umbo refu jembamba linaloelekea la ubao. Najua kuna nyumba wasipopita, kwa kuwa wako uchi kama walivyoumbwa. Hata huku, baada ya Kaisari Joseph II kuwaona mwaka 1781 na kutopendezwa, waliondolewa, na karne ya 19 kanisa likawekewa nakala zilizovikwa ngozi za wanyama.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Botticelli alifariki 1510, hakuna mjukuu anayedai chake, ila Italia ina sheria ya mwaka 2004 inayotaka anayetumia kibiashara picha za hazina zake aombe kibali na alipe. Mwaka 2022 Uffizi walichukua hatua dhidi ya nyumba ya mitindo ya Jean Paul Gaultier kwa kumweka Venus kwenye nguo. Mwenye ndoto ya kuchapa mbao kama hizi Kariakoo na kuziuza Ulaya aanze na mwanasheria. Au aanze na Tingatinga, kwa makubaliano na wachoraji walio hai.

Na ile kauli nyingine ya msomaji wa Mwanza, kwamba skeitibodi ni mchezo wa Wazungu, naomba aifute. Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa skeitibodi tangu 2006, na Nairobi upo wa Shangilia. Watoto wa huko wakiona ubao mzima unaning'inia ukutani bila magurudumu, nadhani wao ndio wenye haki ya kulalamika.

Kwa walioamua kutundika: ukuta wa tofali za saruji toboa kwa drili, weka roplagi, usipigilie msumari. Ukiwa pwani tumia skrubu zisizoshika kutu, maana chumvi haichagui. Acha sentimita mbili kati ya ubao na ubao, pima kwa pimamaji, na usiweke mahali jua la dirishani linapopiga mchana kutwa, rangi itapauka kabla ya krismasi ya pili.

Mwisho, Mhariri, picha mliyoichapa pamoja na barua ya Mwanza, ile ya Daudi aliyeshika kichwa cha Goliathi, ni ya Caravaggio. Alizaliwa 1571, na wanaojua huwa hawamweki kwenye Renesansi. Naomba maelezo yaliyo chini yake yarekebishwe katika toleo lijalo.

Fundi wa Tanga,
Gent, Ubelgiji